Sura ya Saba: Kiasi Tu

Siku moja nilikuwa kwenye foleni ya duka la dawa huko Tanga. Mbele yangu alikuwa bibi mmoja aliyejitanda kanga, mkononi kashika mkoba wa ukili. Kijana wa dukani alimwamkia kabla hajafika kaunta.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nina mjukuu kaota mashilingi shingoni, na sasa yameshafika mgongoni. Nimeambiwa ipo dawa ya kupaka."

Kijana akachukua tyubu ndogo rafuni, akaifuta vumbi. "Apakwe asubuhi na jioni, bibi."

"Apakwe kiasi gani?"

"Kiasi tu."

Bibi akafungua pindo la kanga, akalipa, akaenda zake. Aliridhika, na hata mimi niliyekuwa nyuma yake niliridhika, maana jibu hilo nimelisikia tangu utotoni na sijawahi kuliona lina kasoro. Nilipokuwa njiani kurudi ndipo iliponijia kwamba yule bibi aliuliza swali zuri kuliko yote yaliyoulizwa dukani asubuhi ile, na hakujibiwa.

Tazama tunavyokiheshimu kidonge. Kinatiwa kwenye bahasha ya kaki, juu yake kinaandikiwa 1 x 3 au 2 x 2, na anayemeza viwili badala ya kimoja anajua kakosea. Sindano ndiyo kabisa, hatuthubutu hata kuigusa. Ila dawa ya kupaka tumeitia kapu moja na mafuta ya kujipaka baada ya kuoga. Ikizidi haidhuru, ikipungua haidhuru, ikibaki mpe jirani. Tofauti iko hapa: kidonge kimekwisha kupimwa kiwandani, kila kimoja sawa na mwenzake. Tyubu haikupimwa hivyo. Unapewa gramu 15 za dawa kwa jumla, na kazi ya kuigawa dozi unaachiwa wewe, kwa kidole chako, chumbani, pengine kwa mwanga wa simu. Mfamasia wa mwisho ni wewe.

Nadhani mazoea haya yametokana na vitu vyetu wenyewe. Liwa husagwa juu ya msio kwa maji kidogo, na anayesaga hutazama tu akaona imetosha. Bibi harusi wa Unguja akisingwa, hakuna anayepima singo kwa gramu. Somo wake anajua kwa mkono. Ni elimu nzuri, na kwa vitu vile makosa hayana gharama kubwa, kwani liwa ikizidi utanukia zaidi, basi. Mkono uliozoea liwa ukakabidhiwa tyubu ya dawa kali ya betamethasoni bila kuambiwa kwamba mchezo umebadilika.

Kinachoamua dawa ipite au isipite ni tabaka la juu kabisa la ngozi. Ni seli zilizokwisha kufa, zimepangwa moja juu ya nyingine kama makuti juu ya paa, na katikati yake yamejaa mafuta. Sehemu nyingi za mwili tabaka hili lina unene wa mikromita 10 hadi 20 tu, wakati karatasi ya daftari inakaribia 100. Kwa wembamba huo linazuia maji yasitoke, wadudu wasiingie, na sehemu kubwa ya dawa unayopaka isipite. Inayopenya ni kidogo, na kidogo hicho kinategemea sana umepaka wapi.

Mwaka 1967 watafiti wawili wa Marekani, Feldmann na Maibach, walipaka haidrokotisoni iliyotiwa alama ya mnururisho kwenye sehemu mbalimbali za miili ya watu, kisha wakapima mkojo wao wajue imeingia kiasi gani. Walichukua upande wa ndani wa kigasha kuwa kipimo cha moja. Unyayoni ilipenya kiasi cha sehemu ya saba ya hiyo. Kwenye paji la uso ilipenya mara 6, kwenye pembe ya taya mara 13, na kwenye ngozi ya korodani mara 42. Piga hesabu mwenyewe: baina ya unyayo na korodani, "kiasi tu" ileile imekuwa tofauti kwa mara 300. Ndiyo maana fangasi wa nyayo huchosha watu kwa wiki nyingi, na ndiyo maana krimu kali ambayo daktari alikuandikia kwa ajili ya kiwiko haitakiwi kuonekana usoni, seuze kinenani.

Mikunjo ina jambo lake la ziada. Kwapani, chini ya matiti na mapajani kwa ndani, ngozi imelalia ngozi, jasho haliondoki, na dawa inakuwa kama imefunikwa kwa kifuniko cha sufuria. Nepi ya plastiki hufanya vivyo hivyo. Mtoto mchanga ana hasara nyingine: ukilinganisha na uzito wake, ngozi yake ni kubwa kuliko yetu, kwa hiyo kinachopenya humwenea mwili mzima upesi. Ufaransa ililijua hilo kwa uchungu mwaka 1972. Poda ya watoto iitwayo Morhange ilitiwa kwa makosa kiwandani heksaklorofeni, dawa ya kuua vijidudu, kwa kiwango cha asilimia 6. Akina mama waliipaka chini ya nepi, mahali ambapo ngozi mara nyingi imechubuka. Watoto 204 waliugua, na 36 kati yao walifariki. Hakuna aliyelishwa kitu. Walipakwa poda.

Sasa turudi kwenye swali la bibi.

Mwaka 1991 madaktari wawili wa ngozi wa Cardiff, Wales, Long na Finlay, walitoa jibu ambalo halihitaji mizani wala kijiko. Nyoosha kidole cha shahada. Minya tyubu ya kawaida, yenye mdomo wa milimita 5, utoe mstari wa dawa kuanzia nchani hadi kwenye mkunjo wa kwanza. Hiyo ni pingili moja ya mwisho, na kwa mtu mzima ina karibu nusu gramu ya dawa. Pingili moja inatosha kupaka eneo lenye ukubwa wa viganja viwili vya mtu mzima pamoja na vidole vyake. Kinachofuata ni kuhesabu. Uso na shingo huchukua pingili mbili na nusu. Mkono mmoja tatu, na kiganja chake, mbele na nyuma, moja. Mguu mmoja sita, na wayo wake mbili. Kifua na tumbo saba, mgongo na makalio saba.

Jumlisha yote utapata pingili 40 na ushei, yaani gramu 20. Tyubu ya gramu 15, ile inayouzwa kila duka, haitoshi kupaka mwili wa mtu mzima hata mara moja. Nawajua watu wenye pumu ya ngozi mwili mzima ambao tyubu moja ya namna hiyo huwadumu miezi miwili, kisha wanasema dawa imewakataa.

Na mjukuu wa Tanga je? Tuseme mashilingi yake yalienea eneo la viganja viwili vya mtu mzima. Hiyo ni pingili moja asubuhi na nyingine jioni, gramu moja kwa siku, na tyubu ya gramu 15 itaisha siku ya 15. Lakini dawa ya fangasi kama klotrimazoli haiachwi siku ngozi inapopendeza. Huendelezwa kwa wiki mbili hivi baada ya alama kupotea, kwa sababu fangasi wanabaki wakati macho hayaoni kitu. Bibi alihitaji tyubu mbili. Alihitaji pia kuambiwa kwamba jina la mashilingi linapotosha mkono: duara linatuvuta tupake katikati, na katikati ndiko kulikokwisha kupona. Fangasi wanatembea ukingoni. Dawa ianzie nje ya ukingo, sentimita mbili kwenye ngozi inayoonekana nzima, ndipo iende ndani. Ukianzia ndani ukaelekea nje, unawasaidia kusambaa.

Watu huuliza pia kwa nini dawa ileile iuzwe kama marhamu, krimu, losheni na jeli, wakidhani ni biashara tu. Marhamu ni mafuta matupu au karibu yake. Inanata, inachafua shuka, lakini hufunika ngozi kavu iliyopasuka kuliko yote na husukuma dawa ndani zaidi. Krimu ni mafuta na maji yaliyochanganywa, hunyonywa upesi, inafaa penye unyevunyevu na usoni. Losheni ni nyepesi zaidi, ya sehemu kubwa au zenye nywele, na jeli vilevile, ila jeli nyingi zina spiriti ndani na zitakuchoma ukizipaka penye mchubuko. Losheni itikiswe. Chupa ya kalamaini iliyokaa kabatini inaonyesha jambo hilo waziwazi: unga wa waridi umelala chini, maji yako juu, na asiyeitikisa anajipaka maji wiki nzima, kisha wiki inayofuata anajipaka chokaa.

Namna ya kupaka ni fupi kueleza. Osha mikono. Osha sehemu yenyewe, uikaushe kwa kuigusagusa na taulo bila kuisugua. Weka dawa kwa vidoadoa kwenye eneo lote, kisha uieneze taratibu kufuata uelekeo wa nywele, kwani ukiisugua kinyumenyume mafuta huziba vishimo vya nywele na vipele huota. Tabaka liwe jembamba. Weupe unaobaki juu ya ngozi ni dawa itakayoishia kwenye shati. Kama unatumia na mafuta ya kulainisha, acha nafasi ya dakika 20 au 30 kati ya hayo na dawa, la sivyo mafuta yataichanganya dawa na kuitawanya mahali isipotakiwa. Mafuta ya kulainisha yenyewe hupendeza zaidi yakipakwa mara tu baada ya kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevu, kwa sababu hayana maji ya kukupa. Kazi yake ni kuyafungia yaliyomo.

Dawa za kupuliza tumezipenda kwa ajili ya mpira. Nenda kwenye mechi yoyote ya ndondo, mchezaji akianguka utamwona mwenye mkoba anakimbia na kopo. Anapuliza, ukungu mweupe unatoka, mchezaji anainuka, jukwaa linapiga kelele kwamba alikuwa anaigiza. Huenda hakuigiza. Baadhi ya makopo hayo yana kloridi ya ethili, ambayo huchemka kwenye nyuzi 12 tu za Selsiasi. Ikigusa ngozi ya mtu aliyekuwa anakimbia kwenye jua la Dar es Salaam inachemka palepale na kuondoka na joto la ngozi, na mishipa ya fahamu iliyo karibu inakufa ganzi kwa muda. Hakuna kilichotibiwa. Kama mfupa umepasuka, umepasuka vilevile, ila sasa anaukimbilia. Kopo lishikwe mbali, sentimita 15 hivi au zaidi, kwa sekunde chache tu. Ukiling'ang'aniza mahali pamoja, ngozi huganda na kuungua kwa baridi, na kovu lake halitofautiani na la moto. Nyingi ya dawa hizi huwaka, kwa hiyo si za kupulizia karibu na sigara wala jiko. Usoni usipulize dawa yoyote. Ipulizie kiganjani, halafu paka.

Upande wa pili wa baridi kuna dawa za kuchua, zile za moto. Hizi nazo haziingii hadi kwenye mfupa kama watu wanavyosimulia. Pilipili na mentholi huishughulisha mishipa ya fahamu ya ngozi hadi ikasahau maumivu ya chini yake, na kuchua kwenyewe kunasaidia. Makosa yanafanywa pale mtu anapojichua kisha akafunga bendeji ya kubana, au akaweka chupa ya maji ya moto juu yake. Hapo ngozi huungua kweli. Mimi niliwahi kujichua goti usiku, nikanawa mikono kivivu, nikafikicha jicho. Sitasimulia zaidi. Nyumba yenye mtoto iwe na tahadhari moja kubwa: dawa nyingi za kuchua zina methili salisileti, na kijiko kimoja cha chai cha mafuta hayo yakiwa halisi kina salisileti sawa na ya vidonge zaidi ya 20 vya aspirini. Kwa mtoto anayeonja kila kitu, hicho ni kijiko cha mauti. Kafuri nayo, iliyomo kwenye dawa za kupaka kifuani wakati wa mafua, si ya mtoto aliye chini ya miaka miwili, na haitiwi puani kwa mtu yeyote.

Jeli za maumivu kama diklofenaki ni habari tofauti. Hizi dawa yake hupenya kweli hadi kwenye kiungo kilicho karibu na ngozi, huku kinachoingia kwenye damu kikiwa asilimia 6 hivi ya kile ambacho kingeingia kwa kumeza vidonge. Kwa mzee mwenye vidonda vya tumbo, hiyo ni neema. Husaidia goti na vidole. Nyonga haiisaidii, kwa sababu nyonga imefukiwa ndani ya nyama na jeli haifiki. Goti moja linahitaji gramu 4 kwa mpako mmoja, yaani pingili nane, na hapa ndipo wengi wanapopunja: wanapaka tone, wanasubiri saa moja, wanarudi kwenye vidonge. Subiri dakika 10 kabla ya kuvaa, na usioge kwa saa nzima. Aliyekatazwa dawa za jamii hii kwa sababu ya figo au ujauzito, amwulize daktari hata kwa jeli.

Nimeyapitia hayo haraka kwa sababu yupo mgeni mmoja anayehitaji nafasi. Ni ile krimu ya tatu kwa moja.

Karibu kila duka la dawa Afrika Mashariki linayo: steroidi kali kama betamethasoni, dawa ya fangasi na dawa ya bakteria, zote ndani ya tyubu moja. Muuza dawa anaipenda kwa kuwa haimlazimu kujua mteja anaumwa nini. Mteja anaipenda kwa kuwa kesho yake kuwashwa kumekwisha. Kuwashwa kumekwisha kwa sababu steroidi imeuzima ulinzi wa ngozi, na ulinzi ukizimwa, fangasi wanakula bila kelele. Alama inapoteza umbo lake la shilingi, inatawanyika, inakuwa wekundu usio na mpaka, hata daktari anasita kuitambua. Madaktari wa Uingereza, Ive na Marks, waliieleza hali hiyo mwaka 1968 wakaiita fangasi waliojificha. Mgonjwa akiacha krimu, kila kitu kinalipuka, akiirudia, kinatulia. Mwaka unapita. Kwa maoni yangu tyubu hiyo haistahili kuuzwa bila mtu kuiangalia ngozi kwanza.

Steroidi yenyewe si adui. Kwa pumu ya ngozi hakuna kilichoishinda kwa miongo mingi, na wazazi wanaoiogopa hadi mtoto akalala akijikuna damu nao wanakosea. Shida ni nguvu, mahali na muda. Klobetasoli, mojawapo ya zile kali kabisa, kwa mtu mzima ina mipaka inayoandikwa kwenye karatasi ya ndani: isizidi gramu 50 kwa wiki, wala wiki mbili mfululizo. Sasa mtafute dada anayeipaka usoni kila usiku kwa miaka miwili ili ang'ae. Ngozi yake inakonda kama karatasi ya sigara, mishipa inaonekana, vipele na ndevu vinamwota mashavuni, na karibu na macho presha ya jicho inaweza kupanda. Mkorogo wa mtaani mara nyingi una steroidi hiyohiyo, pamoja na haidrokwinoni au zebaki, na vipodozi vyenye vitu hivyo vimepigwa marufuku Tanzania tangu mwaka 2003. Katazo lipo, na mkorogo upo.

Katika mengi ya hayo tumekuwa tukionya juu ya kuzidisha. Ipo dawa moja ya kupaka ambayo kosa lake kubwa ni ubahili, na kwa baadhi ya majirani zetu ubahili huo ni saratani. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watu wengi wenye ualbino. Makadirio yanayotajwa sana ni mtu mmoja kati ya 1,400. Ngozi isiyo na rangi ya kuikinga huanza kuharibika na jua utotoni, na saratani hujitokeza zaidi kichwani na shingoni, mara nyingi kwa vijana ambao hawajafika makamo. Moshi, kwenye hospitali ya KCMC, kuna kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanza mwaka 1992. Hapo ndipo mfamasia wa Kihispania Mafalda Soto alipoanzisha, pamoja na Watanzania, karakana ya kutengeneza krimu ya kinga ya jua iitwayo Kilisun, ya kugawiwa bure kwa wenye ualbino kupitia kliniki za ngozi.

Kupewa kopo ni nusu ya safari. Namba ya kinga iliyoandikwa kwenye kopo lolote la krimu ya jua, iwe 30 au 50, imepatikana maabara kwa kupaka miligramu 2 kwa kila sentimita mraba ya ngozi. Watu wakipimwa wanavyojipaka nyumbani, huonekana wanatumia robo hadi nusu ya hiyo, na kinga hushuka pamoja nayo. Mwili mzima wa mtu mzima unahitaji takribani gramu 35. Kwa uso na shingo, chora mistari miwili ya krimu, mmoja juu ya kidole cha shahada na mwingine juu ya kidole cha kati, kutoka shinani hadi nchani, uimalize yote. Ipake dakika 15 au 20 kabla ya kutoka, uirudie kila baada ya saa mbili, na mara moja ukishatoka jasho jingi au majini. Masikio husahauliwa na nani? Na kila mtu. Pia kisogo, midomo, migongo ya mikono, na juu ya nyayo kwa anayevaa kandambili. Mwanafunzi mwenye ualbino awekewe kiti mbali na dirisha la jua, avae kofia pana na mikono mirefu, kwa sababu krimu ni mlinzi wa pili, nguo ni wa kwanza. Aliye na ile ya kupuliza ajue kwamba kwenye upepo wa kusi nusu yake inakwenda baharini. Apulize kwa karibu hadi ngozi ing'ae, kisha aisugue kwa mkono.

Yamebaki mambo mawili ya baada ya kupaka. La kwanza ni mikono yako na ngozi ya mwenzako. Mwaka 2009 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliamuru onyo kali liwekwe kwenye jeli za homoni ya kiume, baada ya watoto wadogo kuonyesha dalili za balehe kwa kugusana tu na baba zao waliojipaka. Dawa iliyo mkononi mwako ni ya kila utakayemgusa. Nawa kwa sabuni, isipokuwa kama mkono ndio unaotibiwa, na funika kwa nguo ikishakauka.

La pili ni moto. Mwaka 2018 mamlaka ya dawa ya Uingereza ilitoa onyo kwamba mafuta ya kulainisha ngozi, yawe na parafini au la, yakikauka kwenye nguo na shuka huzifanya zishike moto upesi na kuwaka kwa kasi. Kwao ni sigara kitandani. Kwetu ni kibatari, mshumaa umeme ukikatika, na kanga iliyojaa mafuta ya mgando karibu na jiko la mkaa. Kufua kwa maji ya moto hupunguza hatari, hakuimalizi.

Kabla hujafunga kitabu, fungua kabati. Itoe ile tyubu ya mwaka juzi iliyokunjwa hadi shingoni, ile aliyokuachia shemeji aliposafiri, na ile iliyokaa miezi kwenye dashibodi ya gari ilhali imeandikwa isizidi nyuzi 30. Soma tarehe, tazama kama maji yamejitenga na mafuta. Zilizoharibika zirudishe duka la dawa. Na ukiwa pale kaunta, kijana akikujibu "kiasi tu", mwonyeshe kidole cha shahada umwulize: pingili ngapi, mara ngapi kwa siku, na kwa siku ngapi?